Sona ikae wapi? Hesabu ya mvuvi kati ya mapovu na visiki vya Mtera

Ukishika barabara ya Dodoma kwenda Iringa, karibu nusu ya safari unakutana na maji yenye miti. Ni miti mikavu, imesimama ndani ya bwawa la Mtera tangu bonde la Ruaha Mkuu lilipojazwa maji miaka zaidi ya 40 iliyopita bila msitu wake wote kufyekwa. Juu ya matawi wanakaa minandi. Chini, kwenye vivuli vya magogo, wanajificha perege. Katikati inapita mitumbwi ya mbao, mpiga kasia akichagua njia kwa jicho na kwa kumbukumbu.

Mvuvi wa hapa akipata sona, kile kifaa cha kielektroniki kinachotumia sauti kuonesha kina cha maji na samaki waliomo, swali lake la kwanza huwa ni bei. La pili huwa ni chapa. Lile ambalo lingepaswa kutangulia huachiwa dakika za mwisho, keekee ikiwa tayari mkononi: kifungwe wapi kwenye chombo?

Swali hilo linazidi kuwa la watu wengi. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo. Hotuba za bajeti ya uvuvi zinasomwa Dodoma, na wizara yenyewe imehamia Mji wa Serikali, Mtumba. Vifaa vya kutafutia samaki vinatajwa siku hizi pamoja na injini za kupachika na maboya. Lakini kifaa kilichofungwa mahali pabaya humdanganya mwenye nacho. Kitamwonesha maji matupu penye samaki, na kundi la samaki penye mapovu ya injini yake mwenyewe.

Adui ni hewa

Sona ya mvuvi mdogo ina vipande vinne: skrini, waya, betri na transdusa. Transdusa ndiyo inayokaa majini. Ndani yake kuna kipande cha kauri kinachotetemeka kikipitishiwa umeme. Kinatoa mlio mkali usiosikika kwa sikio la mtu, kisha kinanyamaza kusubiri mwangwi. Katika maji yasiyo na chumvi, yenye vuguvugu kama ya mabwawa yetu, sauti husafiri karibu mita 1,490 kwa sekunde. Penye kina cha mita 6 mlio hushuka na kurudi katika muda wa takriban sehemu 8 za elfu moja ya sekunde. Kifaa hupima muda huo, hupiga hesabu ya umbali na kuchora mstari. Kisha hurudia, mara nyingi kila sekunde.

Kazi hiyo yote huharibiwa na hewa. Sauti iliyo majini ikikuta hewa hurudi karibu yote ilikotoka. Mama mjamzito anapopimwa kwa ultrasaundi hospitalini hupakwa kwanza jeli tumboni, ili kusibaki hewa kati ya ngozi na kipimo. Botini hakuna jeli. Kazi hiyo ni ya maji yenyewe, na mfungaji ana jukumu moja kubwa: maji yanayogusa uso wa transdusa yawe mazima, bila mapovu, chombo kikiwa kimesimama na kikiwa mbioni.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayomfichua samaki. Perege ana kibofu cha hewa tumboni kinachomsaidia kuelea, nacho hurudisha mwangwi mzuri. Kambale hayuko hivyo. Kibofu chake ni kidogo, kimezungukwa na mfupa, na mwenyewe hupenda kulala kwenye tope. Mwangwi wake ni hafifu na huchanganyika na mstari wa sakafu ya bwawa. Anayeishi kwa kambale na ndoano ayapime haya kabla ya kutoa fedha yake.

Jambo jingine la kupimwa mapema ni upana wa kile kinachoonekana. Transdusa nyingi za kawaida hutoa mlio wenye umbo la pia. Ukiwa wa nyuzi 20, penye kina cha mita 3 unamulika duara la sakafu lenye upana wa mita moja tu. Penye mita 6, mita 2 na kidogo. Ukiwa wa nyuzi 60, penye mita 3 duara hufika kama mita 3 na nusu. Katika maji ya kina kifupi sona huona kipande kidogo kilicho chini ya chombo, wala haioni bwawa zima. Mtera, ambako mvuvi anaweza kufanya kazi kutwa bila kuvuka mita chache za kina, mlio mpana unafaa kuliko mwembamba, na nguvu kubwa ya kufika vilindini ni gharama isiyo na kazi.

Tezi, upande wa kulia

Vijitabu vya watengenezaji vimeandikwa kwa kufikiria boti ya faiba au aluminiamu yenye tezi bapa na injini moja ya kupachika. Kwa boti ya namna hiyo ushauri wao ni mzuri, na sababu zake zinafaa kueleweka.

Transdusa hufungwa kwenye tezi, nje, chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo maji hubaki yakigusa boti hata pua inapoinuka kwa mwendo. Hufungwa upande wa kulia kwa sababu injini nyingi, ukizitazama ukiwa nyuma ya boti, panga boi lake huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa linaposukuma mbele. Kulia mapanga yanashuka. Kushoto yanapanda, yakiinua maji yaliyovurugwa. Panga boi likiwa la mzunguko wa kinyume, upande nao hugeuka. Umbali kutoka kwenye panga boi usipungue sentimita 38 au hivi, na uso wa transdusa uchungulie chini ya usawa wa sakafu ya boti kwa milimita chache: kama 3 kwenye faiba, kama 10 kwenye aluminiamu, ambayo ribiti zake huvuruga maji zaidi. Ikishushwa sana, itarusha maji na kuvunjika. Ikipandishwa sana, itapita kwenye povu.

Ukishajua sehemu, angalia kilicho mbele yake. Mstari wa ribiti, ukingo wa mbao, tundu la kuingizia maji, hata boriti ndogo ya kuimarisha sakafu: kila kimoja hutengeneza mkondo wa mapovu unaokimbilia nyuma. Transdusa iliyowekwa kwenye mkondo huo haitaponywa na mpangilio wowote wa skrini.

Tatizo hilo haliwakabili wadogo peke yao. Meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen ilipima samaki pwani ya Tanzania mwaka 1982 na 1983. Meli mpya yenye jina hilohilo, iliyofika tena mwaka 2018, imewekewa transdusa kwenye mkuku unaoshushwa chini yake, zitoke nje ya tabaka la mapovu yanayoburutwa na meli. Katika Ziwa Victoria, ambako watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakikadiria wingi wa sangara na dagaa kwa sauti tangu 1999, takwimu nzuri huanza na transdusa iliyotulia kwenye maji safi.

Mbao si faiba

Tatizo la mvuvi wa Mtera ni kwamba chombo chake huenda hakifanani na mchoro wa kijitabu. Mtumbwi wa mbao uliochongoka mbele na nyuma hauna tezi bapa ya kupigia skrubu. Boti ya mbao yenye injini inayo, lakini mbao zake zina mishono iliyozibwa, na kila tundu jipya chini ya maji ni mwanzo wa kuvuja.

Wapo wanaofikiria njia ya mkato: kuibandika transdusa ndani, juu ya sakafu ya boti, ili mlio upenye ubao. Kwenye mbao haifanyi kazi. Ubao una vijitundu vya hewa visivyohesabika, navyo huumeza mlio kabla haujafika majini. Kwenye aluminiamu pia haishauriwi. Kwenye faiba ngumu, iliyojazwa nyuzi na gundi tupu, mlio hupita, ingawa hupoteza nguvu. Faiba yenye povu au mbao katikati yake ni sawa na ukuta.

Kwa boti ya faiba ngumu katika bwawa kama Mtera, njia ya ndani inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa na vijitabu. Mlio unaopotea kwenye faiba ungekuwa hasara baharini penye mita 100. Kwenye mita 5 nguvu iliyobaki inatosha na kuzidi. Anachokipata mvuvi ni kikubwa: hakuna tundu, hakuna kitu kinachochomoza chini cha kunasa wavu, hakuna cha kugongwa na kisiki. Gharama yake ni kwamba kipimajoto cha transdusa kitapima joto la boti badala ya maji, na transdusa zinazopiga picha za pembeni hazitafaa. Gundi ya epoksi imwagwe taratibu bila kuacha kipovu hata kimoja, sehemu ya nyuma karibu na mkuku, ambako sakafu haitoki majini.

Kabla ya gundi kuna jaribio la bure. Mimina maji kidogo kwenye mfuko wa plastiki, tumbukiza transdusa, fukuza hewa, lowesha sakafu ya boti kisha uubane mfuko hapo. Soma kina. Halafu ishushe transdusa ileile majini ubavuni mwa boti, usome tena. Vipimo vikikaribiana na mstari wa sakafu ukawa mzito mara zote mbili, faiba yako inapitisha. Mstari ukififia au kupotea, umeokoa gundi yako.

Mtumbwi wa mbao unabaki na jibu la tatu, lile ambalo kijitabu hulitaja kwa mistari miwili: fimbo ya ubavuni. Bomba jepesi la chuma au ubao imara hubanwa kwenye ukingo wa mtumbwi kwa jiliwa, transdusa ikiwa mwishoni, sentimita 15 hadi 30 chini ya maji. Ikae karibu na katikati, ambako chombo hakiyumbi sana. Upande gani? Hapa sheria ya panga boi haina nguvu. Wavu ndio unaoamua. Kama wavu huvutwa kulia, fimbo ikae kushoto. Na isikae pale kasia linapozama, kwa sababu kila pigo la kasia huleta mapovu yake.

Kisiki hakisomi kijitabu

Mtera ilijengwa kwanza ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Mitambo yake yenyewe, ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba kimo cha maji hakiamuliwi na mvua peke yake, kinafuata pia mahitaji ya umeme. Usawa wa juu kabisa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na usawa wa chini wa kuzalishia umeme ni mita 690. Kati yake kuna mita 8.5 za kupanda na kushuka, katika nyanda ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili.

Gogo ambalo ncha yake iko mita 3 chini ya maji mwezi wa Mei linaweza kuchungulia hewani Novemba. Katikati ya miezi hiyo kuna wiki ambazo ncha hiyo iko sentimita 20 chini, haionekani, sawa kabisa na kina cha transdusa ya ubavuni. Kwa hiyo fimbo isifungwe kwa ukaidi. Iwe na bawaba inayoiruhusu kurudi nyuma ikigongwa, au pini laini inayokatika kabla ya fimbo, na kamba ya usalama ili kifaa kisizame. Ya tezi nayo iwekwe kwenye mabano yanayofyatuka kwenda juu. Anayechagua mabano magumu kwa kuogopa mtikisiko atapoteza transdusa, na pengine kipande cha ubao pamoja nayo.

Liko kosa kubwa zaidi la matumaini. Sona ya kawaida hutazama chini, haitazami mbele. Kisiki kitakapoonekana kwenye skrini, pua ya boti imeshakipita, na kama kilikuwa juu ya kutosha kimeshaigonga. Kifaa hakimwondolei nahodha wajibu wa kupunguza mwendo penye miti, wala hakimsaidii dhidi ya viboko na mamba ambao Mtera inao.

Skrini, waya na betri

Skrini hutazamwa na anayeongoza chombo. Kwenye boti ya injini ya mkono, huyo amekaa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, kwa hiyo skrini iwe mbele yake kidogo, aisome bila kugeuza shingo. Jua la nyanda za kati huifuta skrini isiyo na mwanga mkali. Iinamishwe, au ifunikwe kwa kikofia cha kivuli. Iwe ya kuchomoka, kwa sababu kifaa kilichoachwa usiku mwaloni kina wateja. Ikae mbali na dira kama chombo kina dira.

Waya wa transdusa usipite pamoja na nyaya za injini. Umeme wa plagi hupenya ndani yake na kujichora kwenye skrini kama vumbi la nukta, na mgeni wa kifaa ataamini ni samaki. Waya ukizidi urefu usikatwe. Uviringishwe kwa duara pana na kufungwa. Matundu ya skrubu kwenye tezi yazibwe kwa gundi ya boti. Lililo bora zaidi ni kufunga kwanza kibao juu ya tezi, kisha skrubu zote za majaribio ziingie kwenye kibao badala ya kwenye boti.

Betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ile ndogo ya kawaida, inatosha kwa skrini ndogo. Kifaa kikitumia nusu ampea, hesabu ya karatasi inatoa saa 14. Betri ya asidi haipendi kumalizwa, kwa hiyo panga saa 7. Fyuzi ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji iwe karibu na betri, na betri ikae ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya maji ya ngamani.

Jaribu kabla ya kutoboa

Fundi mzuri hatoboi siku ya kwanza. Anaibana transdusa kwa jiliwa mahali anapofikiria, anaingia majini na kukimbia kwa mwendo wa pole, wa kati na wa kasi. Mwenzake anainama nyuma kutazama maji: yanapita yakiwa meupe au angavu? Kwenye skrini anatazama mstari wa sakafu. Mahali panapofaa, mstari haukatiki kwenye mwendo anaotumia kuvulia. Hana haja ya kuhangaikia kasi ya kurudi nyumbani.

Skrini ikichafuka, chanzo hutafutwa kwa utaratibu. Zima injini, acha chombo kielee. Uchafu ukiondoka, washa injini bila kuingiza gia. Ukirudi na kuongezeka kadiri injini inavyolia, tatizo ni umeme: hamisha nyaya, tenga betri. Ukikosekana hapo na kurudi tu chombo kinapokwenda, tatizo ni mapovu: hamisha transdusa. Jaribio hilo la dakika chache lingewaokoa wengi na safari ya kurudisha dukani kifaa kizima.

Kipimo cha mwisho ni cha kamba. Teremsha kamba yenye jiwe, pima kina, linganisha na skrini. Kifaa husoma kuanzia usoni pa transdusa. Ikiwa imezama sentimita 30, ziongeze, au ziingize kwenye mipangilio.

Mkopo uje na fundi

Si kila maji ya Dodoma yanahitaji haya. Ziwa Sulunga huko Bahi ni la kina kifupi na huweza kukauka ukame ukizidi. Hapo pondo linapima kina kwa bei ya mti. Hombolo, bwawa la mwaka 1957, limejaa udongo unaoletwa na mito, na sona ingekuwa na faida zaidi kwa wanaosimamia bwawa, kupima tope limepanda kiasi gani, kuliko kwa mwenye wavu. Mtera ndiyo yenye ukubwa na mabadiliko ya kuifanya sona ijilipe. Na huko, faida yake ya kwanza si kumwona samaki. Ni kuijua sakafu: zilipo njia za zamani za mto, ulipo msitu uliozama, patakapobaki na maji Novemba.

Ujuzi huo unaweza kugawanywa. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi kikiwa na kifaa kimoja chenye GPS, fimbo moja ya ubavuni na mtu mmoja aliyefundishwa, kinaweza kuweka alama za visiki na vina vya eneo lake, kila kipimo kikiandikwa pamoja na usawa wa maji wa siku hiyo, ambao wasimamizi wa bwawa huufuatilia. Bila tarakimu hiyo ya usawa, ramani ya Mei itamwingiza mtu kwenye gogo ifikapo Oktoba.

Wanaopanga mikopo ya boti wana la kufanya pia. Boti iliyofungwa sona kiwandani imefungwa kwa maji ya mtu mwingine. Mkopo ungepaswa kuhesabu siku moja ya fundi mwaloni, kwenye maji ambako boti itafanya kazi, akiwa na jiliwa, kamba yenye jiwe na mvuvi mwenyewe botini. Siku hiyo ni gharama ndogo sana kando ya bei ya boti, na ndiyo itakayoamua kama kifaa kitatumika msimu wa pili au kitaning'inizwa ukutani.